Kadhi aliyeacha kiti akashika gazeti

Lafey haimo katika njia za mtu wa pwani. Anayefika huko huwa ametumwa na serikali, ana biashara ya mifugo, au ana rafiki. Mimi nilipelekwa na rafiki. Tulisoma chuo kimoja, tukiandika mbao kwa wino wa masizi na kuonja bakora za mwalimu mmoja, na baadaye yeye akaajiriwa kusomesha Kiswahili katika mji huo wa kaunti ya Mandera, ulioko baina ya El Wak na Mandera mjini, hatua chache na mpaka wa Somalia. Miaka mingi alikuwa akinialika nami nikitoa udhuru. Safari hii nilikwenda.

Jioni ya pili, baada ya sala ya Isha, alinichukua kwa maalim mmoja wa madrasa. Tuliketi mkekani nje ya nyumba, pana chai ya maziwa ya ngamia, na mbingu ya huko, msomaji wangu, ina nyota ambazo sisi wa Mombasa tumezisahau kwa taa za barabarani. Maalim alikuwa mtu wa elimu. Alinieleza habari za Sheikh Uways wa Barawa, aliyeuawa mwaka 1909, na alivyokaribishwa Unguja na Sayyid Barghash, kwa undani ambao mimi mwenye kujidai mtu wa tarehe niliuonea haya. Kisha akafika kwenye lililomkera.

Kando yake alikuwa ameketi mpwa wake, kijana aliyesoma sheria ya Kiislamu huko Sudani. Nafasi za ukadhi zilikuwa zimetangazwa, na jamaa walimtaka aombe. Lakini kijana yule alikuwa ameshika kazi nyingine: akiandika kila siku katika mitandao, kwa Kisomali na Kiarabu, akiutetea upande wake katika siasa za kaunti, na wasomaji wake walikuwa wengi. Akipata ukadhi itambidi anyamaze. Maalim alitaka kujua kutoka kwangu, mtu wa gazeti, kama palipata kutokea kwetu pwani mtu aliyesimama katika njia panda kama ile, na kama alitoka salama.

Nikamwambia yuko mmoja, naye alikwenda kinyume na wanavyotaka jamaa: alikuwa kadhi, akaacha kiti, akashika gazeti la chama. Usiku ule nilimhadithia kwa kadiri ya kumbukumbu yangu. Leo nawahadithia nyinyi, kwa utaratibu zaidi kidogo.

Jina lake ni Nasir bin Salim bin Udayyam al-Bahlani ar-Rawahi, na wengi wanamjua kwa kuniya yake ya Abu Muslim. Wapenzi wa mashairi ya Kiarabu wa Oman hawana haja ya kuelezwa. Kwao huyu ndiye mshairi wa wanavyuoni na mwanachuoni wa washairi. Sisi wa upande huu, ambao yeye aliishi kwetu karibu umri wake wote wa utu uzima na kuzikwa kwetu, tunamjua kidogo mno.

Alizaliwa kiasi cha mwaka 1860 katika bonde la Mahram, nchi ya Bani Rawaha, Oman. Baba yake Sheikh Salim alikuwa kadhi wa Imamu Azzan bin Qais. Yafaa nisimame hapa kidogo, maana bila ya kumjua Azzan hatumfahamu Abu Muslim. Madhehebu ya Kiibadhi, tangu karne za mwanzo za Uislamu, yanashikilia kwamba imamu huchaguliwa na wanavyuoni na wakubwa wa watu kwa ucha Mungu wake na elimu yake, wala harithi kwa nasaba. Masultani wa Kibusaidi walikuwa wameiacha njia hiyo zamani, wakatawala kwa nasaba na kwa bandari. Mwaka 1868 wanavyuoni wakamweka Azzan, wakautwaa mji wa Maskati. Mambo yakadumu miaka isiyofika mitatu. Mapema mwaka 1871 Imamu akauawa vitani, na Sayyid Turki bin Said akakaa juu ya kiti, Waingereza nao wakamtambua.

Nasir alikuwa mtoto wa miaka kumi na kitu. Tumwone basi: nyumbani mwao baba alikuwa kadhi wa dola ya haki, kama walivyoamini wao, na dola ile imevunjika mbele ya macho yake. Mtoto wa namna hiyo huwa na moja katika mawili, ama husahau, ama hubaki na kiu maisha yake yote. Huyu alibaki na kiu.

Mnamo mwaka 1878, akiwa kijana, alivuka bahari hadi Unguja. Ilikuwa Unguja ya Sayyid Barghash, yenye karafuu, pembe za ndovu, maji ya mfereji, na jambo moja ambalo kwa mtu wa elimu lilipita yote hayo: matbaa. Barghash alikuwa ameweka mtambo wa kupiga chapa, na juu yake vilitoka vitabu vikubwa vya fikihi na tafsiri ya Kiibadhi, kama vile juzuu za Qamus ash-Sharia, ambavyo kabla ya hapo vilinakiliwa kwa mkono na kufichwa masandukuni. Kitabu kilichopigwa chapa Unguja kilisomwa Oman, kikasomwa Jabal Nafusa katika nchi ya Tripoli, kikasomwa Mzab katika jangwa la Algeria. Waibadhi waliotawanyika pembe tatu za dunia walianza kuandikiana barua, na kisiwa chetu kilikuwa mmoja wa mihimili yao.

Baada ya miaka mitano hivi alirejea Oman, kisha kiasi cha mwaka 1888 akaja tena Unguja. Mara hii hakurudi kuishi kwao. Barghash akafa mwaka ule ule wa 1888, na mwaka 1890 Unguja ikatiwa katika himaya ya Uingereza.

Hapo ndipo alipoingia katika ukadhi. Mahakama ya Unguja ya zama zile ilikuwa na sura ambayo vijana wetu hawaijui. Sultani aliweka makadhi wa madhehebu mawili, Waibadhi na Washafii, na mwenye shauri alikwenda kwa kadhi wake. Upande wa Kishafii palikuwa na milima ya elimu: Sheikh Abdulaziz al-Amawi, ambaye naye alitoka Barawa (Maalim wangu wa Lafey alitabasamu nilipofika hapa, kama aliyeongezewa sukari katika chai), na Sayyid Ahmad bin Sumeit, mtu wa Ngazija aliyekwenda hadi Istanbul akatunukiwa na Sultani Abdulhamid. Upande wa Kiibadhi, Abu Muslim alipanda daraja hadi akawa mkubwa wa makadhi. Aliwatumikia masultani watatu, Hamad bin Thuwaini, Hamud bin Muhammad na Ali bin Hamud.

Msidhani maisha yale yalikuwa ya raha tupu. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Kiingereza ziliipiga mizinga kasri ya Sultani kwa muda usiofika saa moja, kwa sababu Sayyid Khalid bin Barghash alikikalia kiti bila ya idhini yao. Mamia ya watu walikufa au kujeruhiwa. Siku ile ile akawekwa Sayyid Hamud. Kadhi aliyehukumu kwa jina la Sultani alijua, na kila mtu sokoni alijua, ni nani anayemweka Sultani.

Pamoja na hayo Abu Muslim alimtumikia Hamud, na Sultani huyo alipofanya safari yake ya kuzuru miji ya mwambao wetu, ni Abu Muslim aliyeitungia kitabu, al-Lawami al-Barqiyya. Mimi kitabu hicho kinanitatiza. Ni kazi ya fasihi ya mjini kasri, ya kumsifu mwenye nchi, na ukikiweka kando ya kasida zake za baadaye utadhani vimeandikwa na watu wawili. Sisemi kwa kumtia ila. Wangapi kati yetu wenye kalamu hatukuandika, siku moja au nyingine, ukurasa wa kumridhisha mwenye kulipa? Gazeti moja nililolifanyia kazi ujanani lilinituma niandike sifa za mheshimiwa ambaye shamba lake lilikuwa limemeza makaburi ya watu. Niliandika. Nikalipwa, nikanunua baiskeli.

Mwaka 1908 mahakama za Unguja zikapangwa upya. Mahakimu wa Kiingereza wakapewa kauli kubwa, na makadhi wakabanwa, wakaanza kuachiwa yale ambayo tunayaona mpaka leo: ndoa, talaka, mirathi na mfano wa hayo. Hapa nilimwona kijana wa Lafey akiinua kichwa. Alijua vyema mipaka hiyo. Katika Kenya, mahakama za makadhi zilikuwa jambo la ukanda wa pwani, hadi sheria ya mwaka 1967 ilipozieneza nchi nzima, Kaskazini Mashariki ikiwemo, na Katiba ya mwaka 2010 ikazithibitisha katika kifungu chake cha 170, kwa mambo ya hali ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, pale wenye shauri wote wakiwa Waislamu na wakaridhia. Uzi aliouona kijana ulisokotwa zamani.

Ni katika miaka hiyo Abu Muslim alipokiacha kiti. Hakuondoka kwa kishindo. Alitaka kujitenga kwa ajili ya kusoma na kuandika, na umri wake ulikuwa unakaribia hamsini au umeshapita, nao ni umri ambao mtu hujiuliza amebakiwa na nini. Kama ukadhi haukuwa tena ule alioushika baba yake mbele ya Imamu Azzan, basi mwenye akili timamu aweza kuona kuwa kiti kimebaki kiti.

Kisha yakaja magazeti. Msomaji, litazame jambo hili kwa jicho la Mwislamu wa Unguja wa mwaka 1910. Wamishenari walikuwa na jarida la Kiswahili, Msimulizi, tangu mwaka 1888. Serikali ilikuwa na gazeti lake la Kiingereza tangu 1892. Wahindi walikuwa na Samachar kwa Kigujarati tangu mwanzo wa karne. Waislamu wenye nchi, wenye Sultani na bendera nyekundu, hawakuwa na karatasi yao hata moja. Wakisoma magazeti ya Misri yaliyokuja na meli, na hasa al-Manar la Sheikh Rashid Rida, ambalo lilihimiza kurekebisha elimu na kuondoa uzembe katika umma. Mwaka 1911 huko Misri ulikutana mkutano mkubwa chini ya Riyad Pasha, na Abu Muslim, akiwa Unguja, aliutungia mkutano ule kasida ya kuupa moyo. Alikuwa amekwisha kuondoka katika kasri na kuingia katika uwanja mwingine.

Mwaka huo huo wa 1911, mwezi wa Oktoba, likatoka an-Najah, maana yake Mafanikio. Lilikuwa gazeti la Kiarabu, na lilikuwa sauti ya kundi lililojiita Hizb al-Islah, Chama cha Islahi. Mhariri wake alikuwa yule aliyekuwa mkubwa wa makadhi.

Nataka tuukadirie ugumu wa jambo hilo. Kadhi hutakiwa akae katikati, asiegemee. Kwa desturi yetu hata kula karamu ya mwenye kesi ni tatizo. Mhariri wa chama huandika ili aegemee, asipoegemea hana kazi. Mtu aliyezoea kusikiliza wawili na kupima sasa anapanga maneno ya upande mmoja tu, mbele yake herufi za risasi zinazopangwa moja moja kutoka kulia kwenda kushoto, wino unachafua vidole. Watu wa rika lake bila shaka wapo walioona ameshuka daraja. Mimi naona hakubadilisha sana alichotafuta, alibadilisha mahali pa kukitafutia. Akiwa kadhi aliona haki inapunguzwa kipande baada ya kipande kwa amri za kigeni, na hukumu ya kadhi haina nguvu juu ya amri hizo. Lakini hukumu inayosomwa na watu kwenye baraza zao, nayo imepigwa chapa, si rahisi kuipangia mipaka.

Gazeti lilizaliwa katika moto. Tarehe 29 Septemba 1911 Italia ilitangaza vita juu ya Dola ya Waosmani na kuivamia Tripoli. Kwa Waislamu wa dunia nzima ilikuwa dhulma ya wazi. Kwa Waibadhi wa Unguja ilikuwa pia habari ya ndugu wa nyumba moja, kwani milima ya Nafusa, iliyo nyuma ya Tripoli, ni makazi ya Waibadhi, na mmoja wa viongozi waliosimama kupigana na Waitalia alikuwa Sulaiman al-Baruni, Mwibadhi aliyekuwa mjumbe katika bunge la Istanbul. An-Najah likasimama wazi upande wa Waosmani. Lilitaka umoja wa Waislamu, lilitaka elimu mpya na ya zamani pamoja, lilitaka Waarabu wa Unguja waamke.

Na mbele ya mlango wao mambo yalizidi kukaza. Desemba 1911 Sayyid Ali bin Hamud alijiuzulu akiwa Ulaya, na akatawazwa Sayyid Khalifa bin Harub. Mwaka 1913 Unguja ikatolewa katika Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza ikatiwa chini ya Wizara ya Makoloni. Jina la himaya lilibaki. Lakini nani asiyejua tofauti ya mgeni anayekaa barazani na yule aliyehamia chumbani?

Hapa nina neno langu, na Maalim wa Lafey hakulipenda, nalisema hata hivyo. An-Najah liliandikwa kwa Kiarabu. Wangapi Unguja walikisoma Kiarabu cha gazeti? Waarabu wenye elimu, wanavyuoni, na wachache wengine. Wengi katika hao walikuwa watu wa mashamba ya karafuu, na mashamba yale yalilimwa na watumwa hadi amri ya mwaka 1897, na utumwa haukuisha wote kisheria hadi mwaka 1909, yaani miaka miwili tu kabla ya gazeti kutoka. Mtu aliyetoka utumwani, akawa mchukuzi Malindi au mkulima wa muhogo, Mwislamu kama yeye, anasali msikiti ule ule, hakuwa na namna ya kuisikia ile islahi ila kwa kusimuliwa. Chama kilisema umma, lakini lugha yake ilikuwa ya sebule chache. Mimi ni mtunga mashairi wa Kiswahili, pengine nasema kwa wivu. Lakini kila ninapoisoma habari ya an-Najah najiuliza ingalikuwaje lau ukurasa wake mmoja tu ungaliandikwa kwa lugha ya mchukuzi yule, kwa hati zetu za Kiarabu ambazo hata akina mama walizisoma katika tenzi.

Maalim alinijibu kuwa Kiarabu ndiyo lugha iliyofika Misri na Algeria, na Kiswahili kisingalivuka bahari. Ni kweli. Gazeti lile lilitazama mbali. Ndiyo sifa yake, na ndiyo ila yake.

Wakati huo huo kiu ya utotoni ikapata maji. Mei 1913, huko Tanuf, wanavyuoni wa Oman walimbai Salim bin Rashid al-Kharusi kuwa Imamu. Aliyekuwa nyuma ya jambo hilo ni Sheikh Nuruddin as-Salimi, mwanachuoni kipofu aliyeona kuliko wenye macho. Miaka arubaini na miwili ilikuwa imepita tangu Azzan auawe. Mtoto wa kadhi wa Azzan, sasa ni mzee wa ndevu nyeupe ng'ambo ya bahari, alipopata habari alishika kalamu akatunga kasida ndefu ya kina cha nuni, ambayo wenye fani wanaihesabu katika kilele cha mashairi ya Oman. Inaanza kwa vimulimuli vya radi vinavyomkumbusha kwao, inaimba mabonde na vijito, kisha inageuka wito: inayaita makabila ya Oman, kabila baada ya kabila, kwa jina na sifa, yasimame na Imamu. Mwenye kuisoma hasahau kuwa mtungaji hakuwa amekanyaga ardhi ile robo karne. Alivijua vijiji kwa majina kama mtu anayehesabu vidole vyake.

Ukiipima kasida ile kwa mizani ya gazeti utakuta ni makala ya mhariri. Inachukua upande, inataja watu, inataka jambo litendeke. Na ukiyapima makala ya mhariri kwa mizani ya ukadhi utakuta ni hukumu. Nadhani mtu huyu alifanya kazi moja kwa mavazi matatu.

Ukaja mwaka 1914, na sijui mwaka wa balaa kama ule. Mapema katika mwaka huo alikufa as-Salimi, na Abu Muslim akamtungia marthiya. Wakati huo huo akafa Sheikh Muhammad bin Yusuf Atfayyish, kutubu wa Mzab, ambaye barua zake zilikuwa zikija Unguja. Mihimili miwili imeanguka kwa mwaka mmoja. Agosti vita vikuu vikalipuka. Tarehe 20 Septemba, mbele ya Forodhani, manowari ya Kijerumani Königsberg ikaizamisha Pegasus ya Kiingereza, na watu wa mjini waliisikia mizinga kama walivyoisikia mwaka 1896. Novemba, Waosmani wakaingia vitani upande wa Ujerumani. Gazeti lililokuwa likimtetea Khalifa wa Istanbul sasa lilikuwa linamtetea adui wa serikali iliyolipa kibali. An-Najah likafungika. Sheikh Nasir bin Sulaiman al-Lamki, aliyeupokea uhariri baada ya Abu Muslim, alihamishwa nchini na Waingereza.

Uhai wa gazeti lile, tangu kuzaliwa hadi kuzimwa, haukuzidi miaka mitatu kwa kadirio.

Abu Muslim alibaki Unguja. Hana tena kiti, hana gazeti. Alikuwa na nyiradi zake, na mashairi ya kumtaja Mwenyezi Mungu kwa majina Yake matukufu, ambayo yamekusanywa katika an-Nafas ar-Rahmani. Na wanaoyasoma hadi leo huyasoma kama dua. Na alikuwa na kitabu. As-Salimi alikuwa ameacha nadhamu ndefu ya fikihi, Jawhar an-Nidham, na Abu Muslim akaanza kuisherehesha katika kitabu alichokiita Nithar al-Jawhar. Basi kadhi akarudi katika sheria, lakini mara hii hapana Sultani anayemteua wala Balozi anayempangia. Akaandika juzuu baada ya juzuu, katika uzee na maradhi.

Julai 1920 Imamu Salim al-Kharusi aliuawa usingizini. Septemba ya mwaka huo ukatiwa saini mkataba wa Sib, ambao uliigawa Oman kwa vitendo baina ya Sultani wa pwani na Imamu wa bara. Mwezi uliofuata, mwanzoni mwa Safar 1339, Abu Muslim alifariki Unguja. Nithar al-Jawhar ilikuwa haijakamilika. Mola amrehemu.

Hapo nilinyamaza. Chai ilikuwa imepoa zamani. Kwa kuwa mimi ni mtu wa Mombasa sikuweza kujizuia nikaongeza habari ya wa kwetu, Sheikh al-Amin bin Ali al-Mazrui, ambaye mwaka 1930 alitoa karatasi yake as-Sahifa na mwaka 1932 gazeti la al-Islah, jina lile lile la chama cha Unguja, lakini yeye aliandika Kiswahili. Naye alikwenda njia nyingine: alitoka gazetini akaingia katika ukadhi, na tangu mwaka 1937 hadi alipokufa mwaka 1947 alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya. Maalim aliifurahia hadithi hii kuliko ile ya kwanza. Alimgeukia mpwa wake kama anayesema, waona.

Kijana hakumjibu mjomba wake. Aliniuliza mimi swali moja. Alitaka kujua, katika kile kitabu kisichokamilika, Abu Muslim alitumia lugha ya kadhi au lugha ya gazeti.

Nilimwambia ni kitabu cha fikihi, lugha yake ni ya fikihi. Akatikisa kichwa, akachukua simu yake iliyokuwa ikimwekamweka mkekani muda wote ule, akaisoma, akaizima. Kisha akaamka kwenda kuwatazama ngamia, maana usiku ule mbwa walikuwa wakibweka upande wa zizi.

Nilipoondoka Lafey siku ya tatu, muda wa maombi ulikuwa umebaki siku sita, na fomu ilikuwa juu ya rafu ya Maalim, haijajazwa.